Limbwata Walilolitafuta Sufuriani Mwangu

Baba Daria, mume wangu,

Barua zote huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwepo walipokufukia. Yangu ndiyo ngeni kwako: niko hapa hapa Mwanga, nyumba ile ile, mwili mzima, na ndugu zako pamoja na marafiki zako nimewadharau mpaka dharau yenyewe imenizoea. Nimeona nikuandikie wewe kwa sababu wote ninaotaka kuwasema ni watu wako.

Daria amepanda darasa la tano. Ana miguu yako, mirefu bila sababu. Kibanda chako cha baiskeli pale sokoni amekichukua fundi viatu, na mimi nauza mboga mbele yake, pale pale ulipokuwa unapindua baiskeli za watu wa mawese magurudumu juu na kuzitukana kama vile zina masikio. Wateja wako wa vijijini bado wanakuulizia. "Fundi yuko wapi?" Nawaambia amekufa. "Alikuwa anaumwa nini?" Hapo ndipo pananishinda. Nikisema ini, nakuwa nimesema nusu. Ini lako lilikuwa limekubali kukaa na wewe. Waliokuua ni watu waliosema wanakupenda.

Acha nianzie mbali kidogo, hata kama mwanzo wake unaujua.

Masika yale macho yako yaligeuka manjano, ukasema ni vumbi. Masika, Baba Daria, vumbi! Miguu ikavimba, ukasema ni viatu. Tumbo likajaa mpaka mkanda ukakataa kufunga, ukasema unanenepa, na wenzako wa kule kwa Mwarobaini, ile nyumba ya gongo yenye mti wa mwarobaini uani, wakakupongeza. Watu wazima na ndevu zao wanamtazama mtu mwenye mikono kama fito na tumbo kama mtungi, wanamwambia amependeza! Usiku mmoja walikuacha umelala mtaroni mvua inanyesha, wakapita juu yako kwenda makwao. Nilikuja kukuokota mimi. Asubuhi yake mmoja wao akanisimamisha njiani, akaniambia nikulishe supu ya kongoro utapata nguvu.

Gervasi, mdogo wako, alikuja kutoka Kidahwe, akakutazama, akasema umetupiwa kitu. Na nani? Hakujua. Alichojua ni kwamba kuku anatakiwa, na kuku huyo awe mweusi, na asiwe wa kwake.

Mimi nikakupeleka hospitali juu ya baiskeli yako mwenyewe. Wewe umekaa kwenye keria, mimi nasukuma, jasho linanitiririka, na njia nzima unalalamika kwamba breki ya nyuma inagusa gurudumu. Mtu yuko karibu kufa, anasikiliza breki. Siku ile nilikupenda kuliko siku ya harusi, na sikukwambia.

Yule daktari alikubonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, ukakunja uso. Akakuuliza kama unakunywa. Ukasema kidogo. Akanigeukia mimi. Nikamjibu, "Daktari, kidogo chake kingeogesha ng'ombe." Hakucheka. Alikueleza taratibu kwamba kila unachomeza, chema au kibaya, ini ndilo linalohangaika nacho, na la kwako limepigwa mpaka limekakamaa. Nakumbuka alivyosema: "Sehemu iliyobaki nzima inaweza kukubeba miaka, mzee, ukiacha kuipiga. Ukiendelea, mimi sina dawa."

Akakupa vidonge vya kutoa maji mwilini. Kisha akazungumza na mimi, maana wewe ulikuwa umeshaanza kutazama dirishani. Pombe basi, hata ya ndizi, hata ya harusini. Chumvi ipunguzwe sana, kwa sababu ndiyo inayofuga maji tumboni. Umpe maharage, samaki, mboga za majani, matunda, na umlishe kidogo kidogo mara kwa mara, na asilale bila kula kitu. Karanga zenye ukungu usimpe, na mahindi yaliyoota ukungu usiyapeleke mashineni, yana sumu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Atembee kadiri anavyoweza. Na mwisho akainua kidole, nakiona mpaka leo: dawa za mizizi usizojua zimechanganywa na nini, usimwache azinywe, hata akipewa na mama yake mzazi.

Mama yako alikwishafariki. Hakutaja mdogo mtu.

Ulinichukia mwanzoni, usinikatalie. Wewe ni mtu uliyekua ukilamba chumvi ya Uvinza kwenye kiganja kama sukari. Nilipoweka sahani ya kwanza mbele yako ulionja, ukanitazama, ukauliza, "Maharage haya yamefiwa?" Daria alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshinda jikoni natafuta namna ya kuudanganya ulimi wako. Nikajua kitunguu kikikaangwa polepole kinasaidia. Nikajua ndimu inasaidia zaidi, ikikamuliwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Tangawizi, nyanya zilizoiva kabisa. Migebuka wabichi kutoka ziwani, wa kuchemsha, badala ya wale wa chumvi. Mawese nikapima kwa kijiko, mimi mwanamke wa Ujiji, niliyelelewa kumimina. Na lengalenga kila siku, huo mchicha mnaoudharau ninyi kwa kuwa unaota hata jalalani. Wakati wa kulala nakupa kiazi kitamu cha kuchemsha na mchaichai bila sukari. Sukari yenyewe tungeitoa wapi, foleni ya duka la ushirika unaijua.

Gunia la karanga alilotuletea Gervasi nililifungua nikakuta limevunda, ukungu wa kijani mpaka katikati. Nikalimwaga chooni. Alivyonuna! Alisema nimetupa jasho lake. Ningemwambia kwamba jasho lake lilikuwa limeota manyoya, lakini wewe ulinikonyeza nikanyamaza.

Jioni tulikuwa tunatembea kuelekea Ujiji, polepole, mpaka pale ziwa linapoonekana, halafu tunageuka. Hukuwahi kulitazama ziwa hata mara moja. Ulikuwa unasikiliza baiskeli zinazopita. "Mnyororo mkavu huyo." "Huyo gololi zimekwisha." Wenye baiskeli walikuwa wanakusalimia, wewe unawajibu kwa kuwaeleza ugonjwa wa baiskeli zao. Tukirudi unakata papai, kipande cha katikati unanisogezea mimi bila kusema neno. Mambo hayo hayakustahili kumpa mtu yeyote wa mtaa huu sababu ya kuitisha kikao. Nitafika huko.

Macho yako yakarudi meupe. Tumbo likashuka, mkanda ukafunga, ukarudi kibandani. Jua likizama uko nyumbani, umenawa, unamsikiliza Daria akisoma. Asubuhi unapakia madumu kwenye baiskeli unakwenda kuteka maji, kwa sababu ulisema kutembea tupu ni ujinga, bora mtu atembee na kazi. Nilikuwa na mume. Baada ya miaka yote ile nilikuwa na mume mwenye harufu ya sabuni na grisi.

Na hapo ndipo walipoona kwamba unaumwa.

Hilo sitalisahau. Ulipolala mtaroni hakuna aliyesema umerogwa. Ulipompiga teke mbwa wa jirani na kukojoa ukutani kwa balozi wa nyumba kumi, walisema ni mambo ya wanaume. Ulipoamka, ukaoga, ukaipenda nyumba yako, wakakutana. "Fundi amelishwa limbwata." Wakalisema sokoni, kilabuni, kisimani. Mwanamume gani anakataa gongo mara tatu? Mwanamume gani anabeba madumu, mke anaye? Amelishwa. Mkewe ni wa Ujiji, wazee wake walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, watu wa kule wana vitu vyao.

Gervasi alikuja kuyasema hayo ndani ya nyumba yangu, amekaa juu ya mkeka wangu, maharage yangu yako mdomoni mwake. "Kaka, jitazame. Umekuwa kama bibi harusi. Umelishwa, kaka." Wewe ukacheka. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli, nikasikia kicheko chako kilivyokatika mapema. Nilipokuuliza baadaye ulisema, "Achana nao, Mama Daria, midomo haina kodi." Lakini kesho yake madumu uliyapeleka kisimani kabla hakujapambazuka vizuri, watu wasikuone.

Kisha Gervasi akatuma ujumbe kwamba amepewa kiwanja katika kijiji kipya, serikali inataka kila mtu awe na nyumba kwenye mstari, na yeye peke yake hawezi kupandisha paa. Anakuomba wewe, kaka yake. Nikakufungia chakula. Ukapanda baiskeli na nguvu zako zote, ukanipigia kengele kule kwenye kona. Ukaenda.

Paa halikuwepo. Hata kuta hazikuwepo. Kulikuwa na mkeka, wazee watatu wasio na kazi, na mtaalamu mmoja mwenye kibuyu. Haya nimeyajua kwa mdomo wako na baadaye kwa mdomo wa mke wa Gervasi, na maneno yenu yanafanana. Walikukalisha katikati. Wakakwambia kibuyu kina mizizi ya kutapisha, kwamba utatapika kila alichokulisha mkeo, na kwamba mizizi imelowekwa kwenye gongo kwa sababu gongo ndiyo inayokivuta kitu kutoka kilikojificha. Ulisema daktari amekukataza. Wakacheka. Gervasi akasema, "Daktari au mkeo?"

Ukanywa.

Ukatapika mboga za mchana, nilizokufungia mimi kwenye jani la mgomba. Wakaona kijani kwenye vumbi wakapiga makofi. "Hilo! Limetoka!" Watu wazima, Baba Daria, wameinama juu ya matapishi wanayatazama lengalenga, wanashangilia. Halafu ikaja damu. Yule wa kibuyu akasema huo ndio mzizi wenyewe wa limbwata unang'oka. Ikaja damu nyingine. Wakanyamaza. Mtaalamu akasema anakwenda kuchimba dawa nyingine porini, na mpaka leo anachimba.

Walikuleta na lori la mihogo. Nilikukuta umelazwa juu ya magunia, shati lote jekundu, Gervasi yuko mbele na dereva. Pale kwenye lori, njia ya hospitali, nilipanda nikakiweka kichwa chako mapajani mwangu. Ukaniambia, "Mama Daria, nilitaka wanyamaze tu."

Jua halikuzama ukiwa hai.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile sijui niyaweke wapi. Ulitaka wanyamaze! Watu ambao hukuwaazima hata spana kwa kuwa uliwajua hawarudishi, watu hao ukawakopesha ini lako wachezee. Nakudharau kwa hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nisipokwambia wewe nitamwambia nani. Usiku mwingine naamka nimekunja ngumi nataka kukupiga, halafu nakumbuka breki ya nyuma inagusa, nalia.

Sasa yale ambayo hukuyaona.

Msibani Gervasi alisimama mbele ya watu wote akasema kaka yake ameuawa na chakula. Akasema walichelewa kidogo tu kulitoa limbwata, lilikuwa limeshakula ndani. Akataka jiko langu lipekuliwe. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ni kutuhimiza mikutano na usafi, akaona heri apekue kuliko kuonekana amelala. Wakaingia. Mimi nimekaa chini na wanawake, kaniki kichwani, nawasikia wakifunua sufuria zangu moja moja. Wakatoka na kopo la mchaichai mkavu, kipande cha tangawizi, maganda ya ndimu, na mbegu za lengalenga nilizozifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya kupanda. Wazee wakavipitisha mkono kwa mkono, wakanusa. Mmoja alinusa mbegu akapiga chafya, wenzake wakarudi nyuma.

Balozi akasema, "Lakini hii si ni mchaichai?"

Gervasi akasema, "Ndivyo wanavyoficha."

Wakalichukua kopo langu. Halafu wakakaa kula. Walikula nini? Maharage niliyoyapika mimi na majirani zangu, sufuria zile zile walizotoka kuzipekua. Waliniita mchawi huku wanainua sahani kuomba nyongeza.

Matanga yalipokwisha, Gervasi akarudi. Safari hii amepiga pasi suruali. Alianza na salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye," kwa sauti ya asali, akapita kwenye hali ya hewa, akafika alipokuwa anataka: mila inasema mjane wa kaka asiachwe peke yake, yeye yuko tayari kunirithi. Nilimtazama mpaka akahema. Eti mwanamke aliyemuua kaka yake kwa chakula, sasa yeye anataka kuja kula kwake kila siku.

Nikamuuliza, "Huogopi limbwata, shemeji?"

Aliondoka bila kumaliza chai.

Unafikiri mambo yaliishia hapo? Siku si nyingi, jua likielekea kuchwa, mke wa balozi akaingia uani kwangu, amejifunika khanga mpaka puani. Akakaa. Akauliza habari za Daria, habari za mboga, habari za ukoo wangu. Mwishowe akasogea. "Mama Daria, lile kopo mume wangu bado analo. Nimelinusa, sikujua linatumiwaje. Nisaidie, mwenzangu. Mume wangu anakunywa ataniacha mjane. Na mimi nataka ateke maji."

Nilimweleza ukweli wote. Hakuna limbwata. Ni kuacha gongo, kupunguza chumvi, kula mboga, kutupa karanga zilizooza. Akanisikiliza kama mtu anayesubiri hotuba iishe. Kisha akasema, "Sawa, sawa. Lakini ile yenyewe utaniuzia lini?"

Akaja mwingine. Akaja wa tatu, mke wa mmoja wa wale waliopita juu yako mtaroni. Wote walikuwepo msibani. Wote walinitazama siku ile kama nyoka. Na wote waliposikia mambo ya maharage walikunja midomo wakaniona mchoyo. Basi nikawadharau vya kutosha nikawapa walichotaka. Nikakunja mchaichai kwenye vipande vya gazeti, nikawaambia: hii ina miiko. Haifanyi kazi kama chakula kina chumvi nyingi. Gongo ikiingia mwilini inakimbia, kwa hiyo mnyime, mwaga, mfichie, ujuavyo wewe. Haikai tumboni bila mboga za majani na maharage. Ikikutana na karanga zenye ukungu inageuka inamrudia aliyeitoa. Na kila jioni mtembee wote wawili. Walikariri ile miiko kama watoto wa ubarikio. Sikumtoza mtu. Wala sioni haya.

Balozi mwenyewe ameacha, na kisimani nimemwona kwa macho yangu akiwa na dumu. Mwingine hakuacha, mkewe akaja kunifokea kwamba limbwata langu ni dhaifu. Nilimwambia dhaifu ni mumewe.

Halafu akaja Mama Restuta, mke wa Gervasi.

Hakujifunika. Aliingia mchana, akapiga magoti pale mlangoni, akasema, "Dada, macho yake yamekuwa ya manjano. Miguu imevimba. Anasema ni viatu."

Nitakuficha nini? Raha ilinipanda kutoka miguuni. Nilitaka nicheke na mtu yeyote, hata ukuta. Mama Restuta akanisogelea, akataka ile ya kwenye gazeti, akasema atamtilia kwenye chai hatajua.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mchaichai. Nikaurudisha. Wengine niliwapa kwa kuwacheka. Lakini nikimpa Gervasi kwa siri, nikamtilia kwenye chai, basi nitakuwa nimefanya kile kile alichosema msibani kwamba nilikufanyia wewe. Nitakuwa nimemwachia yeye awe mkweli. Sikuwa tayari kumpa zawadi hiyo.

Nikamwambia mkewe, "Mpeleke hospitali kwanza, asikie kwa daktari mwenyewe. Wakimruhusu, mkae hapa mjini kwa binamu yenu. Chakula cha mchana atakula kwangu. Lakini atakula uani, kwenye benchi, sahani wazi, watu wanapita. Hataki, arudi kwa yule wa kibuyu, akimpata porini."

Alitaka. Kifo kinaondoa maringo haraka.

Daktari alimwambia maneno yale yale, karibu neno kwa neno. Siku ya kwanza Gervasi alikuja anaburuta miguu, tumbo mbele, akakaa kwenye benchi lako. Nikaweka sahani. Ugali, maharage, lengalenga, kipande cha mgebuka, ndimu pembeni. Hakugusa. Alinitazama mimi, akatazama sahani, akanitazama mimi. Nikaelewa. Anasubiri nionje! Nikachukua kijiko, nikachota, nikatafuna mbele ya macho yake taratibu, nikameza. Nikamwambia, "Haya. Tufe wote."

Akala. Akasema hakina ladha. Nikamwambia hakuna aliyemuuliza.

Amekuja kila mchana tangu hapo. Miguu imepungua, tumbo limelegea kidogo. Daktari anasema akiendelea hivi ana nafasi, na mimi najua nafasi ni kitu gani, nimewahi kuiosha na kuilisha. Hatuongei. Namwekea, anakula, anasema asante kwa sauti ya chini, anaondoka kutembea na mkewe.

Juzi akapita mmoja wa wale wa kwa Mwarobaini, yule mrefu mwenye jino moja la mbele, ameshalewa na jua bado liko juu. Akasimama pale uzioni akacheka kwa sauti ya mtaa mzima. "Gervasi! Na wewe tena? Wamekulisha nini, bwana?"

Nikaacha kuchambua mboga. Gervasi akaitazama sahani yake. Watu wa kisimani walikuwa wamesimama, ndoo kichwani.

Akasema, "Lengalenga."

"Na nini?"

"Na maharage." Akaipindua mboga kwa kijiko. "Hamna kitu kingine. Nimetafuta."

Yule mlevi akaenda zake, hakuona cha kuchekesha. Gervasi akabaki ameinama. Baadaye akaniuliza, bila kuniangalia, "Shemeji, hiki ndicho alichokuwa anakula kaka?"

Nikamwambia, "Hiki hiki."

Akaweka kijiko chini. Mabega yakaanza kutikisika. Nikamwacha kidogo, halafu nikamwambia, "Shika kijiko. Kulia utalia kwako. Chakula kinapoa."

Akashika kijiko.

Sijamsamehe, usije ukadhani. Kumpikia nampikia, na siku nikiona nimemsamehe nitakuja makaburini kukwambia mwenyewe. Ila nakuahidi haya, Baba Daria: hatakufa kwa ajili ya mdomo wa mtu wakati mimi nipo. Na kopo langu nitalidai kwa balozi hadharani, na hao wanawake nitawaambia mchaichai ni mchaichai, watake wasitake. Daria nitamweleza yote akikua, pamoja na sehemu yako, kwamba baba yake aliponywa na sahani akauawa na aibu, ili atakapoolewa asije akakubali kuolewa na mtu anayeogopa kuchekwa na watu.

Pumzika sasa. Huko hakuna wa kukusema.

Mimi mkeo, niliyekulisha,
Mama Daria